Gawa Dunia, Usigawe Karatasi: Mwongozo wa Gridi za Dunia kwa Wanaokusanya Data

Ramani nyingi za intaneti zinaionyesha Greenland ikikaribia ukubwa wa Afrika nzima. Kwa vipimo halisi, Greenland ina takriban kilomita za mraba milioni 2.17, na Afrika ina zaidi ya milioni 30. Hata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake, yenye kilomita za mraba kama milioni 2.34, inaipita Greenland. Chanzo cha upotofu huo ni ramani ya mabaharia ya mwaka 1569. Gerardus Mercator alitaka mstari ulionyooka kwenye karatasi uwe njia ambayo nahodha ataifuata bila kubadili pembe ya dira. Ili alipate hilo, ilibidi azivute nchi zilizo mbali na ikweta, na kadiri unavyokaribia ncha za dunia ndivyo zinavyovutwa zaidi. Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha jambo ambalo wachoraji walikuwa wameshalihisi: uso wa tufe haulaliki juu ya karatasi bila vipimo fulani kupotoka. Kila ramani bapa huchagua kitu cha kupotosha, iwe ni eneo, umbo, umbali au mwelekeo.

Ramani ya Mercator ilipata maisha mapya mwaka 2005 ramani za Google zilipoanza, kwa kuwa hukatika vizuri katika vipande vya picha vya mraba vinavyopakuliwa haraka. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni inayotaka iachwe, na nafasi yake ichukuliwe na ramani ya Equal Earth iliyochapishwa mwaka 2018, ambayo inalinda ukubwa wa nchi. Huo ni mjadala wa heshima ya bara, na nauunga mkono. Lakini kuna watu ambao hata ramani hiyo nzuri haiwamalizii shida. Ni wale wanaohesabu: ofisa wa afya anayetaka kujua ni vijiji vingapi viko mbali na zahanati, mtafiti wa mvua, kijana wa kampuni ya bodaboda, mwanafunzi anayeunganisha data ya setilaiti na ya sensa. Hao wanahitaji kuigawa dunia yenyewe, si picha yake.

Shida yetu iko wapi hasa

Tuseme kweli: sisi wa karibu na ikweta tuna bahati. Ukichora duara la kilomita 5 kuzunguka zahanati ya Dar es Salaam ukitumia mita za ramani ya Mercator ya intaneti, utakosea kwa chini ya asilimia 1. Fanya hivyo London, na duara lako la kilomita 5 litakuwa kwa kweli na kilomita 3.1 tu. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi miaka mingi Afrika Mashariki kwa njia mbovu asiumbuke, mpaka siku atakapotumwa kulinganisha nchi yake na Norway.

Balaa letu liko kwenye kanda. Wapima ardhi wengi hutumia mfumo wa UTM, ambao unaikata dunia katika kanda 60 zilizosimama, kila moja ikiwa na upana wa digrii 6, na kila kanda ina karatasi yake bapa. Ndani ya kanda moja mfumo huu ni mzuri sana. Tatizo ni kwamba nchi zetu hazikuombwa ruhusa mistari ilipochorwa. Kigoma iko kanda ya 35, Dodoma ya 36, Dar es Salaam ya 37. Kongo inatandaa katika kanda nne, kuanzia ya 33 hadi ya 36. Mita za kanda moja hazijumlishiki na mita za kanda nyingine: namba zinaanza upya kila unapovuka mstari, na kompyuta haitakuonya.

Kisha ipo ikweta yenyewe. Upande wa kaskazini, UTM huhesabu mita kutoka ikweta kuanzia sifuri. Upande wa kusini, ili kuepuka namba hasi, ikweta imepewa thamani ya mita 10,000,000 na hesabu inashuka kadiri unavyokwenda kusini. Simama Nanyuki nchini Kenya, juu ya mstari wa ikweta, piga hatua moja kutoka kusini kwenda kaskazini, na kipimo chako kinaanguka kutoka karibu milioni kumi hadi sifuri. Kenya ina kanda mbili, 36 na 37, na ikweta inazikata zote mbili, kwa hiyo mtu anayekusanya data ya Kenya nzima ana mifumo minne ya mita mkononi. Uganda nayo inakatwa na ikweta. Nimeona majedwali ambamo visima vya kaskazini na vya kusini vimechanganywa katika safu moja, bila alama ya kanda, na hakuna mtu hai anayeweza kuyatenganisha kwa uhakika.

Latitudo na longitudo zinaondoa shida ya kanda, lakini zina yao. Kipande cha digrii 1 kwa digrii 1 kwenye ikweta kina takriban kilomita za mraba 12,300. Kwenye latitudo ya 60, kipande kilekile kina kama 6,100, nusu yake. Ukihesabu matukio kwa kila kipande na kupaka rangi, kaskazini itaonekana tulivu hata pale ambapo si tulivu, kwa sababu tu vipande vyake ni vidogo.

Dunia iliyokatwa yenyewe

Njia ya gridi za dunia ni kuanza na umbo lenye nyuso bapa chache, kulilaza juu ya tufe, kisha kuugawa kila uso katika vipande vidogo, na vipande hivyo katika vidogo zaidi, ngazi baada ya ngazi. Umbo la kuanzia linaweza kuwa mchemraba wenye nyuso 6, au umbo la pembetatu 20. Kila kipande, ambacho wataalamu hukiita seli, kinapewa namba yake ambayo haifanani na nyingine yoyote duniani. Namba hiyo inabeba habari mbili: seli iko wapi, na iko ngazi gani. Ukiikata namba unapata seli kubwa iliyoizaa.

Matokeo yake kwa mtu wa data ni makubwa. Mahali panageuka kuwa neno moja katika jedwali. Kuunganisha orodha ya zahanati na ramani ya mafuriko kunakuwa sawa na kuunganisha majedwali mawili yenye namba ya mwanafunzi. Huhitaji kuuliza hii iko kanda gani au ile ilichorwa kwa projeksheni ipi, yaani kwa njia ipi ya kuilaza dunia kwenye karatasi. Kama zote mbili zimeandikwa kwa gridi moja na ngazi moja, zinakutana.

Mpira wa miguu ule wa zamani, wa vipande vyeusi na vyeupe uliochezwa Kombe la Dunia la 1970, unaonyesha siri moja ya gridi hizi. Hesabu vipande vyake: pembesita nyeupe 20 na pembetano nyeusi 12. Huwezi kuufunika mpira kwa pembesita tupu. Hisabati ya Leonhard Euler inalazimisha pembetano 12, hata ukiigawa dunia katika mabilioni ya pembesita. Kwa hiyo kila gridi ya pembesita ina madoa 12 yenye kasoro. Waliotengeneza H3, gridi ya pembesita tutakayoifikia hapa chini, walifanya ujanja mzuri: waliligeuza umbo lao kama Buckminster Fuller alivyofanya kwa ramani yake ya Dymaxion, ili pembetano zote 12 ziangukie baharini. Mtu anayefanya kazi nchi kavu anaweza kuzisahau. Mtafiti wa bahari asizisahau.

Wazo hili halikuzuka jana. Mashirika ya viwango yamelifuatilia: Open Geospatial Consortium ilitoa maelezo yake mwaka 2017, na ISO ikafuata na kiwango namba 19170 mwaka 2021. Wanasayansi wa hali ya hewa walishaingia kabla. Katika gridi ya latitudo na longitudo mistari yote inakutana kwenye ncha, vipande vinakuwa vyembamba mno, na kompyuta inalazimika kupiga hesabu kwa hatua fupifupi za muda kwa ajili ya eneo dogo la barafu. Januari 2015 idara ya hali ya hewa ya Ujerumani ilianza kutumia mfumo wa ICON, unaoepuka usumbufu huo kwa kuifunika dunia kwa pembetatu zinazokaribiana ukubwa. Setilaiti ya Ulaya ya SMOS, iliyorushwa Novemba 2009 kupima unyevu wa udongo na chumvi ya bahari, nayo hutoa vipimo vyake kwenye gridi ya aina hii.

Ipi uichukue

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye gridi mambo ni kinyume: asiyechagua atalima shamba la jirani.

Kama shida yako ni anwani tu, yaani mtu wa bodaboda afike nyumba isiyo na namba wala jina la mtaa, tumia Plus Codes. Ni kodi fupi zilizobuniwa na watu wa Google, ziko wazi kwa yeyote, na simu inaweza kuzitengeneza bila intaneti kwa sababu ni hesabu tupu ya latitudo na longitudo. Kodi ya herufi kumi inaonyesha kisanduku cha kama mita 14 kwa 14 katika maeneo yetu. Dar es Salaam inaanza na 6G5X na Nairobi na 6GCR. Herufi mbili za mwanzo, 6G, zinafunika eneo kubwa linalochukua pia Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma na Mombasa. Ukifika Lamu, G inageuka kuwa H. Kwa matumizi ya kila siku watu huacha herufi nne za kwanza na kutaja mji badala yake. Lakini visanduku hivi vimejengwa juu ya digrii, kwa hiyo vinazidi kusinyaa kuelekea ncha. Kwa kuelekeza mtu ni sawa kabisa. Kwa takwimu, hapana.

Geohash, iliyobuniwa na Gustavo Niemeyer mwaka 2008, ni ya ukoo huohuo na utaikuta ndani ya hifadhidata nyingi. Sifa yake ni kwamba maeneo ya karibu kwa kawaida yana kodi zinazoanza kwa herufi sawa. Neno la kushika hapo ni “kwa kawaida”. Huku kwetu kasoro yake inatutokea usoni: sehemu kubwa ya Afrika Mashariki iliyo kusini mwa ikweta inaanza na k, na iliyo kaskazini inaanza na s. Maduka mawili ya Nanyuki yanayotazamana, moja upande huu wa ikweta na jingine upande ule, hayana hata herufi moja ya mwanzo inayofanana. Programu inayotafuta “zilizo karibu” kwa kulinganisha herufi tu italipita duka la jirani na kukupeleka mbali. Kama unafanya kazi Kenya, Uganda au kaskazini mwa Kongo, usiitegemee Geohash kutafuta majirani bila kuzikagua pia seli zinazoizunguka ile uliyomo.

S2 ni ya Google, na inaanzia kwenye mchemraba. Ina ngazi kuanzia 0 hadi 30, na seli ya ngazi ya mwisho ni ndogo kuliko sentimita moja ya mraba. Namba zake zimepangwa kwa kufuata mstari unaojikunjakunja kupita kila seli, hivyo seli jirani mara nyingi zina namba zinazokaribiana, na hifadhidata inazitafuta kwa kasi ya ajabu. Sifa nyingine ni kwamba seli nne ndogo zinaijaza seli kubwa kikamilifu, bila kumwagika. Kama unatengeneza mfumo wa kutafuta vitu kwa mamilioni, hapo ndipo pa kuanzia.

H3 ndiyo ninayompendekezea mtu anayetaka kuchambua na kuonyesha. Ilitengenezwa na Uber na ikawekwa wazi mwaka 2018, bure. Inaanza na seli 122 za ngazi ya 0 na kushuka hadi ngazi ya 15, ambako seli ina wastani wa mita za mraba 0.9. Kwa nini pembesita? Mraba una majirani wanane: wanne wa ubavuni, na wanne wa kwenye pembe ambao wako mbali zaidi kwa asilimia 41. Pembesita ina majirani sita, na vituo vyao viko umbali unaokaribiana sana. Unapofuatilia kitu kinachosambaa au kutembea, kama ugonjwa, nzige au magari, tofauti hiyo ina maana.

Lakini H3 ina kasoro mbili ambazo wauzaji wa programu hawazitaji. Kwanza, pembesita saba ndogo haziijazi ile kubwa sawasawa, kingo zinachomoza. Ukipandisha data kutoka ngazi ya 9 hadi ya 7, nukta chache za pembeni zitahesabiwa kwa mama asiye wao. Pili, seli za ngazi moja hazilingani ukubwa duniani kote, na kubwa inaweza kukaribia mara mbili ya ndogo. Kwa wilaya moja hilo ni dogo mno. Kwa kulinganisha mabara, pima eneo la kila seli na ugawe kwa hilo, au tumia gridi za eneo sawa kama zile za familia ya ISEA, ambazo wanasayansi wa mazingira huzipenda kwa sababu hiyo. Programu za kuzitumia ni chache zaidi, jiandae.

Mipaka inayohama

Kuna sababu nyingine ya kutumia seli, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote katika nchi zetu. Mipaka ya utawala haitulii. Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa mipya ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Anayelinganisha Mbeya ya sensa ya 2012 na Mbeya ya sensa ya 2022 analinganisha maeneo mawili tofauti yenye jina moja. Kenya ilitoka kwenye mikoa 8 na kuingia kwenye kaunti 47 baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kila mabadiliko ya namna hii yanavunja mfululizo wa takwimu, na anayeulizwa kwa nini kipindupindu “kimeshuka” katika mkoa fulani huenda jibu lake likawa kwamba nusu ya mkoa imehamia kwingine.

Ukubwa nao unadanganya. Tabora ina takriban kilomita za mraba 76,000, na Dar es Salaam karibu 1,400. Kwenye ramani ya mikoa iliyopakwa rangi, jicho linaiona Tabora na kuipita Dar es Salaam yenye mamilioni ya watu. Seli za ukubwa unaokaribiana zinaondoa upendeleo huo, na hazihami bunge linapopitisha wilaya mpya. Kama data yako ilikusanywa kwa nukta za GPS na kuwekwa kwenye seli, unaweza kuipeleka kwenye mipaka yoyote, ya zamani au ya kesho. Kinyume chake hakiwezekani: takwimu iliyokuja tayari kwa mkoa haijui imetoka kijiji gani.

Ndiyo maana baadhi ya data za bure zinakuja tayari kwa pembesita. Kampuni ya Kontur hutoa makadirio ya idadi ya watu duniani kwa seli za H3, na yanapatikana kwenye jukwaa la Humanitarian Data Exchange la Umoja wa Mataifa. Ni makadirio, si sensa, lakini kwa kupanga chanjo au kituo cha maji ni mwanzo mzuri.

Kuchagua ngazi

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na karibu kila mara ni kwa tamaa ya seli ndogo. Wastani wa seli ya H3 ngazi ya 6 ni kilomita za mraba 36, ngazi ya 7 ni 5.2, ngazi ya 8 ni 0.74, na ngazi ya 9 ni 0.105, yaani kama hekta kumi na nusu. Ngazi ya 12 ni mita za mraba 300 hivi. Simu ya kawaida hukosea mahali kwa mita kadhaa kwenye uwanja wazi, na zaidi chini ya bati au katikati ya maghorofa. Kuandika kisima kwa ngazi ya 15 kwa kipimo cha simu ni kujidai kujua usichokijua.

Piga hesabu ya wingi pia kabla ya kuanza. Unguja kwa ngazi ya 8 ni seli kama elfu mbili hivi, jambo jepesi kwa kompyuta yoyote. Tanzania nzima kwa ngazi hiyohiyo inapita seli milioni moja, na Excel inakomea mistari 1,048,576. Kwa nchi nzima anza na ngazi ya 6 au 7. Kwa mji, ya 8 au 9. Kushuka zaidi kunafaa pale tu ambapo data yako ni nyingi kiasi kwamba seli nyingi hazibaki tupu. Ramani yenye seli tupu tisa kwa kila kumi haionyeshi hali ya nchi, inaonyesha mahali mkusanyaji alipopita.

Jinsi ya kuanza

Unahitaji programu mbili za bure: QGIS kwa kuangalia, na Python yenye maktaba ya h3 kwa kuhesabu. Amri ya msingi ni moja. Kwa toleo la 4, h3.latlng_to_cell(-6.8, 39.28, 8) inakupa seli ya ngazi ya 8 iliyo na nukta ya katikati ya Dar es Salaam. Katika matoleo ya zamani amri hiyo iliitwa geo_to_h3, na mafunzo mengi ya mtandaoni bado yanaitumia, kwa hiyo usishangae ikikataa. Amri ya grid_disk inakupa seli pamoja na majirani zake, na cell_area inakupa eneo halisi la seli. Namba inayotoka ina herufi na tarakimu 15. Tarakimu ya kwanza ni 8, na inayofuata ni ngazi, hivyo seli zote za ngazi ya 8 zinaanza na 88 na za ngazi ya 9 zinaanza na 89. Ni ukaguzi wa haraka: ukiona safu yenye mchanganyiko wa 88 na 89, kuna mtu amebadili ngazi katikati ya kazi.

Latitudo kwanza, longitudo baadaye. Programu nyingine zinataka kinyume, na kosa hilo halitoi onyo lolote. Ukizigeuza namba za Dar es Salaam, nukta zako zinahamia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukisahau alama ya kutoa, zinatua kusini mwa Ethiopia. Na fomu zisizojazwa, zilizowekewa sifuri na sifuri, zote zinarundikana kwenye seli moja baharini katika Ghuba ya Guinea. Kabla ya hesabu yoyote, fungua QGIS uangalie nukta ziko wapi. Ukaguzi huo wa dakika chache unaokoa aibu.

Hifadhi namba ya seli kama maandishi. Excel ikikutana na namba yenye tarakimu tupu na herufi e katikati, inaweza kuidhania namba ya kisayansi na kuibadilisha, na ikipewa namba ndefu huharibu tarakimu za mwisho baada ya ile ya 15. Seli iliyoharibiwa hivyo inabaki ikionekana ya kawaida, ila iko mahali pengine au haipo kabisa.

Hesabu zinazojumlishika, kama idadi ya wagonjwa, unaweza kuzijumlisha kutoka seli ndogo kwenda kubwa. Asilimia na wastani huwezi. Seli yenye kaya 3 ambazo zote hazina choo na seli yenye kaya 300 ambazo 30 hazina choo, ukizitolea wastani wa kawaida utapata asilimia 55. Ukweli ni 33 kati ya 303, chini kidogo ya asilimia 11. Beba idadi mbili, ya juu na ya chini, na ugawanye mwishoni. Na unapouliza kijiji kiko karibu na zahanati au hapana, usiishie kwenye seli yake. Zahanati inaweza kuwa hatua kumi tu ng’ambo ya mpaka wa seli. Chukua na mzunguko wa majirani.

Pa kuziacha

Usipime shamba kwa seli, wala usizipeleke kwenye baraza la ardhi. Mpaka wa kiwanja unafuata mawe ya mpima na hati, na hapo UTM ya kanda yako ndiyo lugha inayotambulika. Seli ni za kukusanya na kulinganisha. Hata ukitumia ngazi ya chini kabisa, pembesita haitakuambia mwembe ni wa nani.

Kuwa mwangalifu pia na siri za watu. Wengi hudhani kwamba kuficha nukta ndani ya seli kunatosha kumlinda mgonjwa. Kariakoo, Dar es Salaam, seli ya ngazi ya 9 ina watu wengi mno. Kwenye nyika za Umasaini seli hiyohiyo inaweza kuwa na boma moja tu, na kila mtu anajua ni la nani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Kabla ya kuchapisha, angalia seli yenye watu wachache kuliko wote, na kama ni kaya moja au mbili, panda ngazi au ifute.

Mwisho kabisa, usizitupe nukta za asili. Kutoka kwenye nukta unaweza kutengeneza seli za gridi yoyote, lakini kutoka kwenye seli hakuna njia ya kurudi kwenye nukta. Zihifadhi mahali salama, na juu ya faili unalogawa andika jina la gridi, ngazi, toleo la programu na mwaka data ilipokusanywa. Faili lisilo na maneno hayo manne, usilipokee kutoka kwa mtu, na usimpe mtu.